MTUFAA MKONGWE: USIUKATE KABLA HUJAUPOGOA



Ukurasa huu umezoea kusema habari za malaria, za kuhara kwa watoto na za kliniki ya akina mama wajawazito. Mwezi huu tunatoka zahanati na kuingia shambani, msumeno mkononi. Huenda mtu akauliza: kupogoa miti na afya vinahusianaje? Vinahusiana kwa njia mbili. Ya kwanza ni tunda linaloingia kinywani mwa mtoto, au lisiloingia. Ya pili ni mtu anayepanda juu ya mti uliooza akiwa na panga mkononi, kisha analetwa zahanati akiwa amelazwa juu ya mlango.

Tuanze na hilo la tunda. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Katika mkoa wa Njombe ni nusu ya watoto wote, na Iringa ni zaidi ya nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha wenzake mahindi, viazi na maharage. Basi shida si tumbo tupu. Shida ni sahani yenye chakula cha aina moja asubuhi, mchana na jioni, pamoja na mama asiye na nafasi ya kupika mara tatu kwa siku, maji yasiyo safi na maradhi ya mara kwa mara. Na katika mikoa hiyo hiyo, nyuma ya nyumba za mapadre, kwenye shule za zamani na katika viunga vilivyoachwa na walowezi, ipo mitufaa ambayo haijaguswa na mkasi kwa miaka ishirini au thelathini. Imejaa ndevu nyeupe, matawi yamefungamana kama kiota, na matunda yake ni madogo kuliko yai la kuku. Watu wanapita wakiikadiria kwa macho: mizigo mingapi ya kuni?

Hatutaki mtu aelewe kwamba tufaa litaondoa udumavu. Halitaondoa. Hata kwa vitamini C, tufaa ni maskini mbele ya pera: gramu 100 za tufaa zina miligramu 5 hivi, na gramu 100 za mapera zina zaidi ya 200. Mwenye mpera uani asijione mnyonge kwa mwenye mtufaa. Lakini mpera haupendi baridi kali, nao mtufaa unaitaka. Kule juu ambako asubuhi ya Julai majani ya viazi huamka meusi kwa jalidi, tufaa ni tunda linalokubali. Tena likitunzwa vizuri mahali penye ubaridi hukaa wiki nyingi bila kuoza, na linauzika. Mama mwenye fedha za matufaa mkononi ananunua mayai na dagaa.

Wasomaji wetu wa Pwani na Visiwani watuwie radhi. Kwao tufaa ni tunda jingine kabisa, lile jekundu au jeupe, laini, lenye harufu ya waridi, lililokuja kutoka Mashariki ya Mbali. Hapa tunasema tufaa la nchi za baridi, ambalo sokoni wengi huliita epo. Asili yake ni milima ya Kazakhstan, huko Asia ya Kati, ambako mpaka leo mitufaa ya porini bado ipo. Kwetu lililetwa na wamisionari na walowezi, likapata makao Usambara kwenye vilima vya Lushoto (Wajerumani wakiuita mji huo Wilhelmstal), na katika nyanda za juu za kusini: Njombe, Makete, Mbeya. Wale wanaodhani kwamba ndilo lililomponza Adamu, wakafungue tena kitabu cha Mwanzo. Hakitaji tufaa, kinataja tunda tu. Kwa Kilatini neno moja huweza kuandikwa kwa maana ya tufaa na kwa maana ya uovu, na wachoraji wa Ulaya wakamalizia kazi iliyobaki.

KWANZA UTAZAME

Miaka michache iliyopita tulifika katika parokia moja ya milimani ambako mitufaa kumi na mmoja ilikuwa imekwisha kuhukumiwa. Halmashauri ya Walei ilikuwa imepitisha kwamba ikatwe, kuni ziuzwe, na fedha zinunue mabati ya jiko la chekechea. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Jiko lilikuwa linavuja kweli, na miti haikuwa imetoa tunda la maana kwa muda mrefu. Waliopinga walikuwa akina mama wa WAWATA. Mmoja wao, bibi aliyewahi kupika nyumbani kwa mapadre, alisema kwamba zamani matufaa ya hapo yalijaza magunia, na watoto wa kliniki walikuwa wakigawiwa. "Wanangu," aliwaambia wanaume wa Halmashauri, "ninyi wenyewe mlikula. Mti umewakosea nini, ikiwa hakuna aliyeushika?"

Paroko aliomba kwamba kabla ya kuamua, kila mti utazamwe. Ndivyo inavyofaa kufanywa popote. Chukua kisu kidogo, kwaruza gome la kitawi chembamba. Chini ya gome ukikuta kijani kibichi, kitawi ki hai. Ukikuta rangi ya kahawia, kavu, sogea chini zaidi ukwaruze tena. Mti wenye shina lenye uwazi ndani si lazima uwe umekufa, kwa maana sehemu ya shina inayopitisha maji na chakula iko nje, karibu na gome. Tumeona mitufaa yenye tundu la kutosha kuku kulala ndani, nayo inazaa. Mti wa kukata ni ule ambao gome limekufa karibu kuzunguka shina lote, au uliolegea mizizi kiasi kwamba ukiusukuma unatikisika ardhini. Ndevu za kijivu na ukoga juu ya matawi haviuui mti. Ni dalili tu ya hewa yenye unyevu na ya mti unaokua polepole.

Tazama pia chini. Mitufaa mingi ya misheni ilibebeshwa, yaani aina nzuri ilipachikwa juu ya shina la aina nyingine. Machipukizi yanayotoka ardhini, chini ya mahali pa kubebeshea, ni ya ile aina ya chini. Yakiachwa yanakua kwa nguvu, yananyang'anya chakula, na baada ya miaka mtu anadhani mtufaa umebadilika tabia, kumbe anayezaa ni mwingine. Hayo yang'olewe kabisa.

Katika ile parokia miti miwili ilionekana imekwisha, ikakatwa. Tisa ikabaki.

MTI HAUPONI KAMA NGOZI

Hapa tuombe subira ya msomaji, kwa sababu hapa ndipo panapoharibika zaidi, na ndipo sisi wa ukurasa wa afya tuna la kusema.

Mtu akijikata, ngozi mpya huota mahali pa ile iliyoharibika. Mti haufanyi hivyo. Sehemu iliyokatwa haitengenezwi upya hata siku moja. Mti unachofanya ni kujenga kuta ndani yake, kuzunguka kidonda, ili uozo usiendelee mbele. Kisha mbao mpya na gome jipya hukua pembeni na kufunika polepole. Mtaalamu Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti ili kuona kilichomo ndani, ndiye aliyelifafanua jambo hili katika miaka ya 1970 na 1980, na mafundisho ya kupogoa yakabadilika kwa ajili yake.

Zamani watu walifundishwa kukata tawi sambamba kabisa na shina, kisha kupaka lami au rangi juu ya kidonda. Leo tunajua yote mawili hayafai. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe, kama kola ya shati. Ndani ya kola hiyo ndimo mti unamojenga ukuta wake. Ukikata kola umevunja ukuta kabla haujajengwa. Ukiacha kisiki kirefu nje ya kola, kisiki hicho kinakufa, kinaoza, na uozo unapata mlango. Basi kata nje kidogo ya kola, ukiiacha nzima. Lami haizuii uozo. Mara nyingi huhifadhi unyevu chini yake, kama bandeji chafu isiyobadilishwa. Kidonda cha mti kiachwe wazi kikauke.

Tawi zito lisikatwe kwa mkato mmoja, maana litavunjika kabla hujamaliza na kuchuna gome mpaka chini. Kata kwanza kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, mpaka karibu robo ya unene. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya ule mkato wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Kinachobaki ni kisiki chepesi, nacho ukikate kwa utulivu kwenye kola.

Panga si chombo cha kazi hii. Linapasua, halikati, nalo linamfanya fundi ajisikie hodari mahali asipotakiwa kuwa hodari. Tafuta msumeno wa kupogolea wenye meno makali na mkasi wa kupogolea. Ukitoka kwenye mti wenye vidonda vya ugonjwa, futa makali kwa spiriti kabla hujagusa mti mwingine, kama vile muuguzi asivyotumia sindano moja kwa watu wawili.

MIAKA MITATU, SI SIKU MOJA

Mtunza shamba katika Injili ya Luka aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja tu, aupalilie na kuutia samadi. Sisi kwa mtufaa tunaomba mitatu.

Sababu ni hii. Mti ulioachwa muda mrefu una mizizi mikubwa iliyoweka akiba ya kulisha kichwa kikubwa. Ukinyoa kichwa chote kwa siku moja, akiba hiyo yote inapanda na kutafuta pa kutokea. Msimu unaofuata utaona machipukizi mamia, marefu, yamesimama wima kama fimbo. Hayo hayazai kwa muda, yanatia giza upya, na mwenye mti anasema kupogoa hakusaidii. Pamoja na hayo, gome lililozoea kivuli likifunuliwa ghafla huungua jua, likapasuka. Kwa hiyo usiondoe zaidi ya robo ya matawi hai katika mwaka mmoja. Matawi yaliyokufa hayahesabiwi, hayo ondoa yote.

Wakati mzuri ni mwishoni mwa kipupwe, Julai mpaka mwanzo wa Agosti, mti ukiwa umelala na kabla macho hayajavimba. Siku iwe kavu.

Mwaka wa kwanza ondoa vilivyokufa, vilivyovunjika na vyenye ugonjwa. Simama kando, zunguka mti, uangalie. Yale matawi yanayosuguana, chagua moja likae na jingine litoke. Mara nyingi kwa mwaka huo inatosha, pengine pamoja na tawi moja au mawili makubwa ya katikati yanayoziba mwanga. Mwaka wa pili na wa tatu endelea kufungua katikati mpaka mti uwe kama bakuli, matawi yakizunguka na jua likiingia kati. Wazee wa kazi hii husema ndege aweze kuruka katikati ya mti bila kugusa bawa. Kama mti umekuwa mrefu mno, usikate vilele popote unapopenda. Shusha kila tawi mpaka mahali penye tawi dogo linaloelekea nje, lenye unene wa angalau theluthi ya lile unaloliondoa, ili hilo lishike uongozi.

Sasa jambo linaloumiza moyo kuliko yote. Mtufaa hauzai hovyo juu ya chipukizi la mwaka huu. Unazaa zaidi kwenye vijiti vifupi vinene, vyenye mikunjo mikunjo, vilivyokaa juu ya matawi ya miaka miwili na zaidi. Mgeni akiviona anadhani ni takataka, akavikwangua vyote ili tawi lipendeze. Amekwangua matunda ya miaka mitatu ijayo. Vijiti hivyo viachwe. Pale tu ambapo vimesongamana kama vidole vya mkono mmoja, punguza vile vikongwe na vinavyotazama chini.

Fimbo za wima zitaota hata ukifanya kazi kwa kiasi. Zikiwa bado changa na laini wakati wa mvua, zing'oe kwa mkono, nyingi kati yake. Chache zilizokaa mahali pazuri usizikate, bali zivute kwa kamba zilale upande, ufunge kamba kwenye jiwe. Tawi lililosimama hukimbilia kurefuka, na lililolala hukubali kuchanua. Matawi yaliyofunuliwa ghafla kwa jua la saa nane yapake chokaa nyepesi upande wa juu.

BAADA YA MSUMENO

Mti uliopogolewa bila kulishwa ni kama mgonjwa aliyepasuliwa akanyimwa uji. Palilia majani kuzunguka shina, upana wa mita moja au zaidi, tandaza samadi iliyooza vizuri na nyasi kavu juu yake, lakini usirundike penye shina. Acha kiganja cha nafasi, la sivyo gome linaoza na panya wanapata nyumba.

Utaona pengine utando mweupe kama pamba kwenye mikunjo ya matawi na kwenye vidonda vya zamani. Ukiubonyeza, unatoka utomvu wa rangi ya damu. Hao ni wadudu wafyonzaji, jamaa ya vidukari, na wanapatikana pote duniani penye mitufaa. Wanaleta vinundu kwenye matawi na hata kwenye mizizi. Watu hukimbilia dawa kali. Sisi tunashauri kwanza brashi ngumu na maji ya sabuni, kurudia kila wiki, na kukata matawi yaliyojaa na kuyachoma. Yupo nyigu mdogo sana, asiyeuma mtu, anayetaga mayai ndani ya wadudu hawa na kuwaua. Ukinyunyiza sumu kila mara unamuua yeye kwanza. Kama hapana budi kutumia dawa, muulize bwana shamba, fuata kipimo, vaa mikono mirefu na kufunika pua, na usinyunyize wakati wa maua hata kidogo, kwa sababu nyuki ndio wanaofanya kazi. Na lile kopo tupu, jamani, si la kuwekea maziwa wala chumvi. Litoboe.

Tumetaja nyuki. Mitufaa mingi haizai vizuri kwa chavua yake yenyewe. Inahitaji aina nyingine jirani inayochanua wakati ule ule. Mtufaa ulio peke yake, uliozaa zamani na sasa hauzai, pengine hauna ugonjwa wowote ila mwenzake alikatwa. Katika ile parokia ilikuwa vizuri kwamba miti tisa ilikuwa ya aina mbili au tatu. Asiye na mti wa pili anaweza kubebesha tawi moja la aina nyingine juu ya mti huo huo. Kwa msimu mmoja anaweza hata kuomba matawi yenye maua kwa jirani, akayatia katika ndoo ya maji na kuitundika kati ya matawi yake. Nyuki hawaulizi ndoo imetoka wapi.

Iko sababu nyingine ya kutozaa, nayo ni ya nchi yetu. Aina nyingi za Ulaya zinahitaji saa 800, 1,000 na hata zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 7 ili macho yaamke pamoja. Zisipopata, mti haulali sawasawa, majani ya mwaka jana yanabaki, maua yanatoka moja moja kwa miezi. Huko Batu, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, ambako baridi ya namna hiyo haipo, wakulima huvua majani yote kwa mkono baada ya mavuno, na mti huchanua upya. Wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kwa mti mmoja au miwili ya nyumbani ni kazi inayowezekana. Anayepanda mti mpya sehemu isiyo na baridi kali achague aina isiyodai sana, kama Anna iliyozalishwa Israeli, na kando yake Dorsett Golden iliyotoka visiwa vya Bahama.

Matunda yakishika mengi, yapunguze yakiwa bado madogo kama gololi. Acha moja katika kila kishada, kati ya moja na jingine kiganja kimoja. Akina mama wa WAWATA walilipinga hili kwa nguvu, wakaona ni kutupa chakula. Wakaamua mitatu ipunguzwe na sita iachwe. Mavuno ya mwaka huo wa tatu yaliwaonyesha wenyewe: ile sita ilitoa vitunda vingi vya kutafuna na kutema, na matawi mawili yakavunjika kwa uzito, ile mitatu ikatoa matufaa ya kuuza. Mwaka wa kwanza, tuseme kweli, hawakupata kitu zaidi ya kuni, na wajumbe wa Halmashauri walipata la kusema. Mwaka wa pili walipata ndoo chache. Mabati ya jiko yalinunuliwa kwa mchango wa jumuiya ndogo ndogo, kwa hiyo hatutasema kwamba matufaa ndiyo yaliyoezeka.

AJALI

Mti mkongwe una matawi yanayoonekana mazima, kumbe ndani ni unga. Usisimame juu ya tawi usilolijua. Tumia ngazi, mguu wake usimame pakavu na mtu mwingine aishike. Asiwe mtoto. Usipeleke mkono mbali kuliko kiuno chako, shuka usogeze ngazi. Usipande na chombo mkononi, kivute juu kwa kamba ukiisha kutulia. Asiyepona vizuri kizunguzungu, aliyekunywa pombe, na mzee anayetaka kuonyesha kwamba bado yumo, hao wafanye kazi ya kuelekeza wakiwa chini.

Mtu akianguka na kulalamika mgongo au shingo, au akisema miguu ina ganzi, haisikii, haisogei, msimwinue kwa kumshika mikono na miguu. Msimketishe. Zaidi ya yote msimpakie kwenye bodaboda kati ya watu wawili, jambo tunaloliona mara nyingi mno. Mfupa wa uti uliovunjika unaweza bado kuwa haujakata mishipa ya fahamu, na safari ile ndiyo inayoikata. Mwacheni alale alivyo, mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, mfunikeni apate joto, tafuteni ubao mpana au mlango. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa na mwili vikienda sawa, na kumlaza juu yake. Kisha gari, hata kama litachelewa.

Kidonda cha msumeno kioshwe kwa maji mengi safi na sabuni. Aliyejikata aende zahanati akaulize sindano ya pepopunda, hasa kama shamba limetiwa samadi.

TUFAA MEZANI

Lioshwe kwa maji safi, liliwe na ganda lake, maana kwenye ganda na chini yake ndipo penye nyuzinyuzi nyingi. Mtoto wa miezi sita na zaidi anaweza kupewa tufaa lililochemshwa na kupondwa, pamoja na uji wake na maziwa ya mama. Kipande kigumu kibichi asipewe mtoto mdogo, kinaziba koo. Mpaka afike miaka minne hivi, kwaruza au kata vipande vyembamba sana, naye ale akiwa ameketi, si akikimbia. Mgonjwa wa kisukari tufaa zima linamfaa kuliko bilauri ya juisi. Mbegu zina kitu ambacho kikisagwa hutoa sumu, lakini aliyemeza mbegu mbili tatu nzima asipoteze usingizi.

Tunda lililooza si la juisi. Watu hukata upande uliooza na kukamua uliobaki. Kuna ukungu unaoacha sumu ndani ya tufaa hata nje ya pale panapoonekana, na sumu hiyo haimalizwi kwa kuchemsha. Lililooza lipeleke kwenye mboji. Lililoanguka tu bila kuoza lioshwe vizuri, na juisi yake ichemshwe, kwa sababu chini ya miti hupita ng'ombe na mbuzi. Mwaka 1996 nchini Marekani watu zaidi ya 60 waliugua kwa kunywa juisi ya matufaa isiyochemshwa iliyoingiwa na vijidudu vya namna ile vinavyotoka tumboni mwa ng'ombe, na mtoto mmoja akafariki.

Neno moja limebaki, kwa wenye miti ambayo hakuna ajuaye jina la aina yake. Mbegu ya tufaa haizai mti kama mama yake, itatoa mtufaa mwingine, mara nyingi wa matunda makali. Na mti mkongwe, hata ukihudumiwa, una mwisho wake. Basi Julai mnapopogoa, chagueni vijiti vya mwaka mmoja vilivyonyooka, unene wa penseli, vifungeni katika kitambaa kibichi na karatasi ya nailoni, mviweke mahali pa baridi penye kivuli, na kabla ya wiki tatu kupita mtafuteni fundi wa kubebesha. Miche michanga ya mtufaa ya kupachikia inabidi iwe imeoteshwa mapema, kwa hiyo anayeitaka Julai ijayo aanze kutafuta mbegu sasa.